Bosi Asiyejua Kupiga Picha

 

Aliyenialika alinitaka nizungumzie picha ya mtu, na mtu huyo nimchague mwenyewe. Nikamjibu palepale kwenye simu kwamba nitazungumzia picha ya bosi wa zamani. Akacheka, akaniuliza kama nimekuja kulipiza kisasi. Nilipenda swali lake, maana kwetu ukisema unataka kumweleza bosi wako wa zamani, watu wanangoja jambo moja kati ya mawili: umsifu, au umseme.

Tunao ufundi mkubwa wa kuwachora wakubwa wetu. Siku ya kumuaga anayestaafu, maturubai yamefungwa, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, keki iko mezani, na katibu wa tawi la wafanyakazi anasimama na karatasi zake kusoma risala. Humo mstaafu ni baba, ni mlezi, ni jembe, na mlango wake ulikuwa wazi saa zote. Walioshinda kwenye benchi nje ya mlango huo wiki nzima wakisubiri sahihi wanapiga makofi pamoja na wengine. Kisha linaletwa jokofu, na MC anadai vigelegele. Mchoro wa pili ni wasifu wa marehemu, unaosomwa jeneza likiwa mbele: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alipanda cheo, aliugua. Wa tatu hauna karatasi. Huo husomwa kwa mama ntilie saa nne asubuhi, chapati mkononi, na huko ndiko kwenye mambo mengi ya kweli, ila yametiwa pilipili kiasi kwamba mwenyewe akipita hamumtambui.

Mimi nimekuwa nikitafuta mchoro wa nne. Niliukuta mbali na hapa, kwa mpiga picha Mmarekani Mweusi aitwaye Gordon Parks, na bosi aliyemchora aliitwa Roy Stryker. Jioni hii nitawaeleza wote wawili, lakini zaidi bosi, kwa kuwa Parks mwenyewe anajulikana na hahitaji msaada wangu.

Kabla sijaenda huko, niwe mkweli kuhusu ninapotokea. Nilijifunza kazi hii katika chumba cha giza, enzi za mikanda, wakati vijana wa studio tulikuwa na kitenzi kimoja kwa kazi yote ile: kusafisha. Unapeleka mkanda ukasafishwe, unarudi kuuliza picha zimesafishwa? Msimamizi wangu wa kwanza, ambaye sitamtaja jina wala mahali, alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia kucha. Mkanda ukikauka aliuinua kwenye taa, akaupitisha machoni taratibu, na kila fremu asiyoipenda aliikata kona. Hakusema kwa nini. Fremu iliyokatwa kona haichapwi, basi. Nilimchukia kwa muda wa miaka mitatu, na chuki yenyewe ilikuwa na adabu: nikimwamkia kila asubuhi. Siku moja nilipata kitabu kilichozungumza juu ya Roy Stryker, nikasoma kwamba yeye hakutumia mkasi. Alitumia panchi ya kutobolea karatasi.

Basi nikakaa chini, nikasoma kitabu kizima.

Roy Emerson Stryker alizaliwa mwaka 1893 Great Bend, Kansas, akakulia Montrose, Colorado, huko magharibi kwenye ng'ombe na vumbi. Akaenda New York kusoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Columbia, akiwa mwanafunzi wa Rexford Tugwell. Mwaka 1925 Tugwell, Stryker na mwenzao mmoja walitoa kitabu cha kiada kuhusu maisha ya uchumi wa Marekani, na kazi ya Stryker ilikuwa kukitafutia picha. Nyingi alizipata kwa Lewis Hine, yule aliyewapiga picha watoto wakifanya kazi viwandani. Hapo ndipo mwalimu wa uchumi alipogundua kwamba jedwali la mishahara na uso wa mtoto aliyesimama mbele ya mashine ya kusokota uzi vinaweza kueleza jambo lilelile, na mwanafunzi hatalisahau la pili.

Mwaka 1935 Tugwell alikuwa serikalini, katika utawala wa Rais Roosevelt, akiongoza shirika la Resettlement Administration lililoundwa kuwanusuru wakulima maskini. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, udongo wa nyanda kavu ulikuwa ukipeperuka, familia zilikuwa barabarani na magodoro juu ya paa la gari. Tugwell akamwita Stryker aongoze kitengo kilichopewa jina zito, Kitengo cha Historia, ambacho kazi yake ilikuwa kukusanya picha za kuwaonyesha walipa kodi kwa nini fedha zao zinahitajika vijijini. Mwaka 1937 shirika likageuzwa kuwa Farm Security Administration, na kwa kifupi watu huliita FSA mpaka leo.

Sasa tazameni ajabu hii. Mtu huyu aliyewasimamia Walker Evans, Dorothea Lange, Ben Shahn, Russell Lee, Arthur Rothstein, Marion Post Wolcott, Jack Delano, na mwishoni Gordon Parks, yaani orodha ambayo leo ukiitaja mbele ya mpiga picha yeyote anavua kofia, hakuwa mpiga picha. Alikuwa mtu wa meza, wa simu, wa barua, wa kugombania bajeti. Picha alizisoma kama anavyosoma mhasibu hesabu: hii inatueleza nini, hii inatudanganya wapi.

Alichokuwa nacho ni maswali. Carl Mydans, mmoja wa wapiga picha wake, alisimulia kwamba alitumwa kusini kupiga picha za pamba. Akafunga mizigo, akapita ofisini kuaga. Stryker akamuuliza anajua nini kuhusu pamba. Mydans akakiri kwamba hajui mengi. Safari ikaahirishwa palepale. Stryker akaketi naye, akaanza kumweleza: pamba ni kitu gani katika historia ya nchi, imeujenga vipi uchumi wa kusini, imeharibu vipi udongo, imewafunga vipi watu kwa madeni, inauzwa wapi, siasa zake ni zipi. Wakala chakula cha mchana wakizungumza pamba, wakaendelea hadi usiku. Kesho yake Mydans akaondoka.

Huwa nawasimulia hadithi hii wahariri wetu wanaomtuma kijana kwenye korosho Mtwara asubuhi na kudai picha saa kumi jioni. Hawaipendi.

Aliandika pia orodha ndefu za mambo ya kutazama, akawatumia watu wake kwa posta wakiwa njiani: watu hufanya nini jioni mjini, mavazi yao ya kanisani yakoje, ukutani wametundika nini, mlangoni wanakaa nani na nani. Wengine walizipenda. Evans hakuzijali hata kidogo, alijifanya hakuziona, akafanya alichotaka. Wakaachana mwaka 1937. Lange aliishi California, mbali na Washington, na alitaka negativu zake akae nazo, azichape mwenyewe. Stryker alitaka kila kitu kirudi kwenye kabati lake. Wakabishana kwa barua kwa miaka. Ipo ile picha maarufu ya mama mhamiaji na watoto wake, aliyoipiga Lange Nipomo, California, mwaka 1936. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema, na baadaye Lange aliagiza kifutwe kwenye negativu. Stryker alikasirika. Kwake negativu ilikuwa hati ya serikali, na hati haifutwi kidole. Bajeti ilipobana mwishoni mwa mwaka 1939, aliyeachishwa kazi alikuwa Lange, kwa sababu ilikuwa taabu kufanya naye kazi. Hebu fikirini: mpiga picha aliyempa Stryker picha ambayo yeye mwenyewe aliitaja kuwa kilele cha mradi wote.

Na mtu huyohuyo, aliyekasirikia kidole kufutwa, alikuwa na ile panchi. Katika miaka ya kwanza alipozikataa picha, alitoboa negativu tundu la duara, wakati mwingine katikati kabisa ya uso wa mtu. Wenyewe waliita kuua. Wapiga picha walilalamika. Edwin Rosskam, aliyefanya kazi naye ofisini, aliona ni ushenzi. Stryker akaja kuacha tabia hiyo baadaye, lakini maelfu ya negativu zilikuwa zimekwisha tobolewa. Zipo mpaka leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, zikiwa sehemu ya mkusanyo wa negativu zipatazo 175,000, na yeyote anaweza kuzitazama. Mnaojua chumba cha giza mnaelewa kinachotokea: tundu kwenye negativu halizuii mwanga, hivyo kwenye karatasi hutokea duara jeusi tititi. Kuna mkulima kasimama shambani, na juu ya shamba lake limening'inia jua jeusi.

Nimezitazama picha hizo usiku mwingi. Ukitaka picha ya Roy Stryker aliyojipiga mwenyewe, ni hilo duara. Ila si picha yote, na hapo ndipo ninapomhitaji Parks.

Gordon Parks alizaliwa mwaka 1912 Fort Scott, Kansas, kitinda mimba katika nyumba ya watoto 15. Mama yake alifariki Parks akiwa bado kijana mdogo, akapelekwa kwa dada yake St. Paul, Minnesota, ambako shemeji yake alimfukuza nyumbani majira ya baridi. Alipiga piano kwenye danguro, akahudumia mezani, akafanya kazi ndani ya treni. Ni ndani ya treni alipookota jarida lililoachwa na abiria, akaziona picha za wakulima wahamaji, picha za FSA. Kwa hiyo alikutana na kazi ya bosi wake kabla ya kukutana na bosi. Akanunua kamera kuukuu dukani kwa mpokea rehani, akajifunza peke yake, na ulipofika mwaka 1942 alikuwa amepata ufadhili wa mfuko wa Julius Rosenwald uliosaidia wasanii na wasomi Weusi. Mfuko ulimruhusu kuchagua mahali pa kujifunzia. Akachagua kwa Stryker.

Stryker alisita. Lazima tulitie hilo kwenye picha. Washington ya wakati ule, mji mkuu wa nchi iliyokuwa vitani ikijitangaza kupigania uhuru wa dunia, ilikuwa imetengana kwa rangi kwenye mikahawa, majumba ya sinema na maduka. Na Stryker mwenyewe hakuwa shujaa wa jambo hilo. Mwaka 1937 alimwandikia Lange, aliyekuwa akipiga picha za wakulima wapangaji huko kusini, kwamba awapige Weusi na Weupe lakini atilie mkazo Weupe, kwa kuwa picha zao ndizo zitakazotumika zaidi. Barua ipo. Ukiisoma unasikia sauti ya mtu asiyechukia mtu, anayefanya hesabu tu, na hesabu yenyewe inawaacha watu nje.

Huyo ndiye aliyempokea Parks ofisini. Na Parks anatuambia nini juu yake? Katika vitabu vyake vya maisha yake, na katika mazungumzo aliyorekodiwa mwaka 1964 kwa ajili ya hifadhi ya sanaa ya Marekani, anarudia kisa kilekile. Anasema Stryker alizichukua kamera zake, akazifungia. Akamwambia akaujue mji kwanza. Aende akale mahali fulani, akanunue koti katika duka fulani kubwa, akatazame sinema. Parks akatoka. Kwenye mkahawa akaambiwa Weusi hawahudumiwi hapo mbele. Sinema hakuingia. Dukani alizungushwa hadi akaondoka bila koti. Akarudi ofisini damu ikichemka. Stryker, anavyosimulia, hakushangaa hata kidogo. Alimuuliza tu atalifanyia nini jambo hilo.

Hapa huwa nasimama kidogo. Wapo watakaosema huo ni ukatili: kumtuma kijana mahali unapojua atadhalilishwa, huku wewe umekaa kwenye kiti chako. Nami sikatai. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona msimamizi wangu na mkasi wake. Lakini Parks, aliyedhalilishwa, hasimulii kwa uchungu wa aina hiyo. Hasemi kwamba alionewa na Stryker, na wala hasomi risala. Anatuwekea mtu aliyetuma, mji uliotukana, na swali lililongoja mezani, kisha anatuachia tuwatazame wote watatu.

Anaendelea kusema kwamba alitaka palepale kuchukua kamera akawapige picha wale waliomfukuza. Stryker akamkatisha tamaa. Ukimpiga picha mbaguzi ukaandika chini yake mbaguzi, utakuwa na picha ya mtu mwenye uso kama wa mtu mwingine yeyote, na wabaguzi wengi wana sura nzuri. Tafuta wanaobeba mzigo wa jambo hilo. Akampeleka kwenye makabati, akatazame kazi za wenzake waliotangulia. Kisha, jioni moja, akamwonyesha mama aliyekuwa akifagia ofisi za jengo lilelile, akamwambia azungumze naye, amjue, aone ameishi vipi.

Mama huyo aliitwa Ella Watson. Alikuwa ameifanyia kazi serikali ya Marekani miaka 26. Mshahara wake kwa mwaka mzima ulikuwa dola 1,080, na kwa hizo alilisha watu sita. Akamsimulia Parks kwamba baba yake aliuawa na genge la wazungu, na mumewe alipigwa risasi. Parks akamsimamisha mbele ya bendera kubwa ya Marekani iliyokuwa imening'inia ukutani, ufagio mkono mmoja, kando yake dekio. Gauni lake lina madoadoa. Macho yake yametulia. Bendera nyuma yake imefifia, michirizi yake imeshuka wima. Wanaojua mchoro wa Grant Wood wa mwaka 1930, ule wa mkulima na uma wake wa kugeuzia nyasi, waliona mara moja umetaniwa, na baadaye picha ikaitwa kwa jina la mchoro huo, American Gothic.

Stryker alipoiona, kwa masimulizi ya Parks, alishtuka. Alimwambia ameanza kupata wazo, lakini picha kama hiyo ingewafukuzisha kazi wote. Ndiyo hiyo ofisi ya serikali, wabunge walikuwa wakikitafutia kitengo chake sababu ya kukifunga, na mwaka 1936 walikwisha kulivalia njuga fuvu moja la ng'ombe ambalo Rothstein alilisogeza huku na huko South Dakota kutafuta mwanga mzuri. Kwa bosi mwoga, mkono ungekwenda kwenye panchi. Stryker alimwambia Parks arudi kwa mama yule, aendelee naye.

Parks akarudi, wiki baada ya wiki. Akaenda nyumbani kwa Watson, kanisani kwake, dukani anakonunua mahitaji. Ipo picha iliyopigwa kupitia mlango: mama ameketi jikoni na wajukuu, na upande wa pili wa fremu, kwenye kioo cha meza ya kujipambia, anaonekana binti aliyemlea, juu ya meza hiyohiyo kuna picha ya watu wa zamani wa ukoo. Vizazi kadhaa katika fremu moja, na hakuna bendera, wala hakuna anayefanya ishara yoyote. Mimi naiona ni bora kuliko ile maarufu. Ile ya bendera ni sauti ya kijana aliyekasirika, na ana haki. Hii ya mlangoni ni ya mtu aliyeambiwa rudi, akarudi.

Sasa kuna kasoro katika hadithi, nami ningekuwa mhadhiri mbaya nikiificha. Ukimsikiliza Parks uzeeni, mambo yote haya ni kama yalitokea siku moja: asubuhi mkahawa, mchana duka, jioni Ella Watson. Picha zenyewe zimeandikwa Agosti 1942, na Parks alianza mafunzo yake mwanzoni mwa mwaka huo. Miezi imekunjwa ikawa siku moja. Kumbukumbu imefanya kazi ya mhariri, imekata fremu za katikati.

Je, amesema uongo? Mwanahistoria atasema tarehe haziafikiani, na ana haki yake. Mimi kama mpiga picha nasema kitu kingine: tunajua alichotaka kionekane. Alitaka amri ya asubuhi na mama wa jioni vikae katika fremu moja, kwa sababu kwake yeye bosi alikuwa pale, kati ya mambo hayo mawili. Ni kosa la Rothstein na fuvu lake, na kosa la Lange na kile kidole. Lakini ingekuwa afadhali atuambie. Fuvu lililosogezwa lisogezwe, mradi msomaji aone mchanga ulipochimbika.

Nini kilifuata? Mwaka 1942 kitengo kilihamishiwa katika idara ya habari za vita, kazi ikawa kuonyesha viwanda na askari, na Stryker akaona makabati yake yanaweza kutawanywa. Akahangaika kuyaokoa, yakapelekwa Maktaba ya Bunge, iliyokuwa chini ya mshairi Archibald MacLeish. Mwaka 1943 akaondoka serikalini. Akaenda wapi? Kampuni ya mafuta, Standard Oil ya New Jersey, iliyotaka kusafisha jina lake baada ya kashfa ya mikataba yake na kampuni ya Kijerumani I.G. Farben. Mtu wa wakulima maskini akawa mtu wa mafuta. Parks akamfuata mwaka uliofuata, na kwa kampuni hiyo alipiga, pamoja na mengine, picha za kiwanda cha grisi huko Pittsburgh: wanaume Weusi na Weupe, mvuke, mapipa, mafuta yaking'aa kwenye sakafu na kwenye ngozi. Picha nzuri ajabu, zilizolipiwa na watu waliotaka kupendwa. Hilo nalo ni sehemu ya picha ya bosi, na kwenye risala lisingesomwa.

Mwaka 1948 Parks akaenda jarida la Life, akawa mpiga picha wa kwanza Mweusi kuajiriwa hapo. Stryker akaendelea na miradi mingine, akarudi magharibi alikotoka, na mwaka 1973, miaka miwili kabla ya kufa, akatoa kitabu cha picha alizozichagua mwenyewe kutoka yale makabati. Mzee wa panchi akichagua kwa mara ya mwisho.

Lugha yetu nayo ina la kusema kuhusu watu kama hawa. Tunalo neno mnyapara. Lilikuja na misafara ya Wanyamwezi kwenda pwani, likiwa jina la mkubwa wa wapagazi, mtu wa heshima anayejua njia na visima. Enzi za mashamba ya mkonge likachacha, likawa jina la anayehesabu vichwa na kushika fimbo, na leo mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake ni mnyapara. Neno moja, mtu aonyeshaye maji na mtu achapaye. Nimejaribu kumwita Stryker msimamizi, mkuu, mzee, mlezi. Kila jina linabana mahali. Mnyapara linamwenea, katika maana zake zote mbili.

Na yule wangu wa mkasi? Alistaafu zamani. Mimi ndiye niliyeombwa nipige picha siku ya kuagwa, na ndiye niliyeandika risala, ndiyo, nacheka na nyinyi, nikaandika kwamba alikuwa mlezi na mlango wake ulikuwa wazi. Chumba cha giza, mlango wazi! Hakuna aliyeona kasoro. Miaka baadaye nilifungua bahasha za zamani, nikazipitisha zile fremu zilizokatwa kona kwenye taa, moja moja, kama alivyokuwa akifanya. Nyingi zilistahili. Chache zilikuwa nzuri, na mbili kati ya hizo nazionea uchungu mpaka leo. Sikupata pa kuyaandika hayo. Kwenye risala hayaingii, na kwa mama ntilie wangeyapokea kwa kelele.

Naomba kijana wa mashine aniwekee picha ya mwisho ukutani, kisha nikae. Si ile ya bendera. Hii ni nyingine ya Agosti 1942, mama Watson tena, na maelezo yake yanasema tu kwamba anafanya usafi baada ya saa za kazi. Ofisi imefungwa. Waliokuwa kwenye meza wameondoka, na bosi naye yuko nyumbani kwake anakula. Waliobaki ni wawili, mmoja mbele ya kamera na mmoja nyuma yake, mmoja mwenye ufagio na mwingine ambaye usiku huohuo atapeleka mkanda wake chumba cha giza. Kwa Kiingereza kazi zao zina vitenzi viwili tofauti. Sisi tungesema wote wanasafisha.